Vioo Vilivyosuguliwa kwa Majivu

Wewe unayeanza kazi ya kupima maji, kabla hujafungua kisanduku chako cha chupa, vua kiatu kwanza. Kanyaga jiwe la chemchemi, lile linalolala majini mchana na usiku. Ukiteleza ukaanguka chali mbele ya akina mama wenye mitungi, usikasirike. Umeshafanya nusu ya kipimo. Mimi nimeanguka katika kila mto wa Kakamega, Isiukhu, Yala, Lusumu, na mingine nimeirudia kwa kusahau kwamba nilishaanguka. Kule karibu na Mayoni nilianguka kwa kishindo mpaka samaki wakahamia wilaya nyingine.

Ule utelezi uliokuangusha ndio habari yangu yote. Si matope. Ni bakteria waliochoka kuzurura, wakashika jiwe, wakatoa ute wao kama konokono, wakajenga humo. Madam Zubeda, mkuu wa maabara yetu, mzaliwa wa Mumias, alikuwa akisema hivi: "Chupa unayochota inakamata wasafiri tu, Lumbasi. Wenyeji wako nyumbani wamelala." Mjenge picha ya mji. Ukisimama barabarani saa ambayo hakuna anayepita, utaandika kwamba mji hauna watu. Halafu kesho nyumba moja inabomoka, watu mia wanamwagika barabarani, na siku hiyo ndiyo mtoto wa mtu ameleta kikombe.

Mimi niliingia maabara ile ya maji mjini Kakamega kuosha chupa. Sikusema kupima, nimesema kuosha. Mchana naosha, jioni naenda ngumbaru, tukikaa watu wazima kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili mpaka magoti yanafunika masikio. Nilipopata cheti cha kidato cha nne nilikuwa na binti anayejua kusoma, na ndiye aliyenisomea matokeo, akirudia alama ya hesabu kwa sauti ili majirani wasikose. Baada ya hapo Madam akanitoa kwenye karai akanipeleka kwenye mashine.

Mashine yenyewe, spektrofotometa, ilikuwa msaada kutoka ng'ambo, nzito kama jiwe la kusagia. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaipa kijichupa cha mraba chenye maji ya rangi, inapitisha mwanga upande huu, inaangalia umebaki kiasi gani upande ule, na sindano inakwambia mwanga uliomezwa. Rangi ikiwa nyingi, mwanga unamezwa sana. Sisi tulikuwa tukining'iniza vipande vya kioo chemchemini kwa wiki nzima, kama utando wa bakteria upo utakishika kioo. Kisha unakitoa, unakisuuza polepole, unakitia ile dawa ya zambarau waliyokuwa wakipakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Dawa inaushika utando, kioo kitupu inakiacha. Unayeyusha kilichoshika kwa spiriti, unamimina kwenye kijichupa, unaipa mashine. Vidole vyangu vilikuwa zambarau mwaka mzima. Upande wa ukweni waliniita Bwana Arusi wa Zambarau.

Siku za mwanzo niliwahi kupata usomaji mkubwa hata nikapiga kelele. Niliona nimegundua mto mchafu kuliko yote ya Afrika Mashariki. Madam akaja, akakiinua kijichupa kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Leo asubuhi umekula nini?" Nikasema mandazi. Akasema, "Basi umepima mandazi." Mafuta ya kidole gumba yalikuwa yamejaa ubavuni. Tangu siku hiyo sishiki kijichupa ila kwa kingo zake, na sikiingizi kabla ya kukifuta kwa kitambaa laini na kukitazama dirishani. Mkumbuke dirisha. Nitalirudia.

Sasa niwapeleke Iguhu.

Chemchemi ninayoisema ilikuwa katika shamba la baba mkwe wangu, Mzee Ingosi. Ilikuwa imejengewa vizuri, kisanduku cha mawe chenye kifuniko cha zege, na bomba linalotoa maji upande wa chini. Watoto walianza kuugua homa ya matumbo, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa shemeji yangu alilazwa hospitali ya Iguhu, mtoto mdogo anayeitwa Beti, macho yamemtoka kama ya kinda. Tulichota chupa mara mbili, na mara zote mbili hakuota mdudu hata mmoja. Mzee Ingosi alifurahi, akawatangazia watu kwamba maji yake ni safi kuliko ya Askofu.

Madam hakufurahi. Alinituma nining'inize vioo.

Nikavifunga vioo sita kwa uzi wa ndoana, nikavining'iniza ndani ya kijito kidogo pale maji yanapotoka bombani. Kwenye baraza la naibu chifu nikasimama, nikasema mtu yeyote asiviondoe, tutarudi Alhamisi sisi wenyewe na Madam kuvichukua. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluhya, kisha kwa vitendo. Nilijiona nimemaliza.

Sikumaliza. Sikumfikiria mama mkwe wangu.

Vijana wa siku hizi mnakaa kochi moja na mama wakwe zenu mnatazama runinga. Sisi haikuwa hivyo. Mama wa mke wangu Jenerosa sikumpa mkono, sikupita naye mlango mmoja, sikula mbele yake. Nikimwona njiani huku, mimi naingia kwenye mahindi, na yeye akiniona kwanza anaingia upande wa pili, mahindi yote yanatikisika kama kuna nguruwe mwitu. Habari zetu zilipitia kwa senge, yaani shangazi yake Jenerosa. Ilikuwa heshima, na tuliipenda. Lakini mama huyo alikuwa na sifa moja kubwa, usafi. Alisugua sufuria mpaka ndege wakaja kujitazama. Uwanja wake ukifagiliwa, mchwa walikuwa wakizunguka kwa kuona aibu kupita.

Wiki ile ile kaka mkubwa wa Mzee Ingosi akafariki. Huyu alikuwa mwenye fahali, na si fahali wa kulima. Fahali wake alikuwa amewapiga mafahali wa Ikolomani yote, jina lake likiimbwa na ngoma za isukuti. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Maiti ingetolewa mochari mjini Ijumaa alasiri, iingie boma jioni, na watu wangekesha. Ikolomani nzima, Shinyalu nzima, na nusu ya Vihiga, wote wangekunywa maji ya bomba moja.

Alhamisi tukachukua vioo. Tulikuta vitano. Uzi wa kile cha sita ulikuwa umekatika, tukasema mkondo umekichukua. Ijumaa asubuhi nikatia dawa vinne, nikasuuza, nikayeyusha, nikaipa spektrofotometa. Sindano haikuondoka kwenye sufuri. Nikarudia. Sufuri. Nikapima kioo kipya ambacho hakijawahi kuona mto, kikasoma sawasawa na vile vya chemchemi.

"Alhamdulillahi," Madam akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayehesabu. Naibu chifu alikuwa ameomba jibu kwa maandishi kabla ya msafara wa maiti. Karatasi ilikuwa mezani. Madam akafungua kalamu.

Mimi nilikuwa dirishani. Kioo kimoja sikukimaliza, nilikuwa nimekibakiza bila dawa, nikakiinua kama nilivyofundishwa kuinua kijichupa cha mandazi. Jua likapita ubavuni. Nikaona mistari. Mistari midogo midogo, ya mviringo, kama njia za mchwa, kutoka ncha hadi ncha.

"Madam, kuja uone."

Akaja. Akatazama. Akakigeuza. "Bakteria hawakwaruzi kioo," akasema.

"Hawakwaruzi."

"Hii ni majivu. Au mchanga." Akakinusa. "Majivu. Mtu amevisugua, Lumbasi. Amevisugua vikiwa vimening'inia, akavisuuza, akaviacha palepale. Nani kwa Ingosi anaweza kufanya kazi nzuri hivi?"

Nilimjua nani. Wilaya nzima ilimjua nani. Mgeni anakuja Alhamisi, tena mgeni mwenyewe ni mkwe na bosi wake mwanamke, halafu vioo vyake vimeota utelezi pale chemchemini kwa watu wote kuona! Kwa mama yule, kutuachia vioo vichafu ilikuwa kama kutuandalia chai kwenye kikombe chenye masizi.

"Nenda ukamwulize," Madam akasema.

"Madam, ni mama mkwe."

"Najua ni mama mkwe. Mimi pia nimezaliwa huku." Akafunga kalamu. "Nikitia sahihi hii, wafiwa wote wa Ikolomani watakunywa sahihi yangu. Mtafutie njia."

"Si tuwaambie tu wachemshe?"

"Tumewaambia. Mzee Ingosi amejibu nini?"

Alikuwa amejibu asubuhi ile ile, kupitia kwa dereva wetu Wafula: chupa zenu zimesema mara mbili maji ni safi, sasa mnataka nichome kuni za kupikia wafiwa kwa kuchemsha maji safi? Mleteni jibu linalosema ni machafu, nitachemsha hata mto.

Kwa hiyo Wafula akawasha Landrova.

Bomani kwa Ingosi tulikuta turubai zinafungwa na vijana wanapasua kuni. Senge hakuwepo. Jenerosa hakuwepo. Wote walikuwa wamepanda lori kwenda mochari. Kulikuwa na wanawake kumi na kitu wanakata mboga, na ningeweza kumtuma yeyote kati yao, lakini mfikirie wenyewe. Nimtume mwanamke wa kijiji akamwulize mama mkwe wangu, siku ya msiba wake, kama yeye ndiye aliyeharibu kipimo cha serikali? Habari hiyo ingefika Butere kabla ya jua kuzama, na ingefika ikiwa na pembe. Hapana. Sikutaka mdomo wa tatu.

Nilimwona nyuma ya jikoni, akiwatupia kuku nafaka. Kati yetu kulikuwa na ua wa miti michanga. Nikageuka nikampa mgongo. Nikasikia kimya, nikajua ameniona naye amegeuka. Mioyo yetu ilikuwa ikipiga kama isukuti mbili, ya kwake na ya kwangu, naapa niliisikia ya kwake.

Nikautazama mti wa mbele yangu nikauambia, "Wewe mti, mimi nina shida. Kulikuwa na vioo chemchemini. Mtu yeyote akiwa amevisafisha, hajakosa. Amefanya vizuri. Lakini mimi lazima nijue, kwa sababu watu wanakuja kunywa maji na mtoto Beti yuko hospitali."

Jogoo akawika mahali fulani bila kuulizwa. Kisha nikasikia sauti yake nyuma yangu, ndogo, ikisema na kuku.

"Wewe ingokho, unasikia? Sisi hatuachanga vyombo vya mgeni vichafu. Vilikuwa na kitu kama makamasi. Kila jioni tuliosha. Wageni wakuje waone makamasi kwa maji yetu?"

Kila jioni! Nikashika mti.

"Mti," nikasema, "uliza kama ni vyote."

"Wewe ingokho, ni vitano. Kimoja uzi ulikatika kabla hatujaosha. Kiliniteleza mkononi kikaingia kwa shimo ya bomba, ndani, huko nyuma. Mkono wangu haukufika. Nilijaribu na kijiko."

Mnanipata? Kioo cha sita hakikuchukuliwa na mkondo. Kilikuwa ndani ya kisanduku cha mawe, mahali pasipofika majivu, wiki nzima.

Nilimkuta Mzee Ingosi kivulini, amevaa koti la msiba, macho mekundu. Kwake yeye niliweza kusema, kwa heshima. Nikamwambia tunahitaji kuinua kile kifuniko cha zege.

"Leo?"

"Leo, baba."

"Ukiinua zege, maji yanachafuka mpaka saa ngapi? Ndugu yangu yuko njiani. Watu wa fahali wanatoka Malinya, wanatoka Shinyalu. Niwape nini, nikamue mawingu?" Akanitazama vidole. "Wewe Zambarau, chupa zako zilisema safi. Mara mbili. Sasa zimebadilisha dini?"

Ndipo tukasikia kule nyuma ya jikoni sauti ya mama mkwe, kubwa sasa, anamwambia kuku yule yule lakini kwa namna ambayo hata aliyekufa angesikia: "Ingokho, waambie wamama wachukue mitungi waende tangi ya kanisa. Maji kidogo iko. Itatosha chai ya kwanza."

Mzee Ingosi akavuta pumzi ndefu. Alimjua mkewe. "Chai ya kwanza tu," akasema. "Tangi ile iko karibu kukauka. Yakitulia maji yangu, tunachota. Kama mnataka nisichote, jibu liwe mkononi mwangu kabla maiti haijaingia lango hili. Baada ya hapo mimi ni wa kulia, si wa kusoma karatasi."

Tukainua zege, mimi na Wafula na vijana wawili wa kuni. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono mpaka begani. Maji ya baridi, mawe, kisha bomba, na ubavuni mwa bomba kitu laini kama ulimi wa ndama. Vidole vikateleza. Vikateleza tena. Nikakipata kwa kingo, kama nilivyofundishwa. Kilipotoka, Wafula akasema, "Yesu." Kioo hakikuonekana kuwa kioo. Kilikuwa kimevaa koti. Na pale ndani, upande wa mlimani, niliona ufa kwenye ukuta wa mawe, maji ya rangi ya chai yakidondoka humo.

Nikakitia kwenye chupa ya maji ya chemchemi yenyewe, kisikauke. Kioo kikikauka njiani, utando unajikunja na usomaji unakudanganya. Nikakikumbatia mpaka mjini kama yai la mwisho duniani.

Nilipofika, mawingu ya alasiri yalikuwa yamesimama juu ya Kakamega, meusi kama sufuria za nchi nyingine zisizo na mama mkwe wangu. Madam alikuwa ameshawasha mashine, maana lazima ipate joto kwanza, la sivyo sindano inatembea kama mlevi.

"Kimoja tu?" akauliza.

"Kimoja tu."

"Basi hakuna kurudia." Akakata kioo katikati kwa kalamu ya almasi, taratibu, mimi nimeshika pumzi. Nusu moja akaikwangua kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, akakiweka kwenye kabati la joto. "Hiyo ndiyo itatuambia ni akina nani, lakini si leo. Leo tunauliza tu kama mji upo." Nusu ya pili akanipa.

Nikaitia dawa. Nikangoja. Nikasuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, tone kwa tone, maana ukimwaga kwa nguvu unaufukuza utando wenyewe halafu unaandika kwamba haukuwepo. Nikayeyusha kwa spiriti, nikamimina kwenye kijichupa. Radi ikapiga. Taa zikazimika.

Mashine ikazimika.

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, kila jiwe la ukubwa wa yai la bata, basi sawa, la njiwa. Wafula alikuwa nje ameacha injini inanguruma. Mahali fulani kule mjini lori lilikuwa limetoka mochari. Madam alikuwa akisogeza midomo bila sauti, na mimi Mkatoliki nikasema amina kila alipopumzika.

Taa zikarudi. Mimi nikanyakua kijichupa. Madam akanishika mkono. "Ngoja. Ipate joto."

"Madam, maiti!"

"Sindano inayotetemeka haina ushahidi. Mzee Ingosi atauliza, na naibu chifu atauliza, na mimi nitaapa kwa sindano iliyosimama. Ngoja."

Vijana, hakuna kusubiri kulikonikata nyama kama kule. Nilifuta kijichupa kile mara nyingi mpaka nikaogopa kitaisha. Nikakitazama dirishani. Hakuna mandazi. Hatimaye sindano ikatulia kwenye sufuri, haitikisiki. Nikaingiza kwanza spiriti ya kioo kipya. Sufuri. Nikaingiza ya kioo cha sita.

Sindano iliiacha sufuri kama fahali wa marehemu anavyotoka zizini. Ikaenda, ikaenda, ikagonga mwisho wa kipimo ikabaki pale inatetemeka kwa kukosa mahali pa kwenda. Ilibidi Madam aizimue ile spiriti, na zile namba bado zilitutisha.

Akaandika mistari mitatu. Chemchemi ifungwe. Maji yote ya msiba yachemshwe mpaka yatokote. Sababu: utando mzito wa bakteria ndani ya chemchemi, ukuta umepasuka. Akatia sahihi. "Mashine haijasema ni homa ya matumbo," akaniambia, akikunja karatasi. "Wewe pia usiseme. Sema ilichosema." Neno hilo lichukueni mkalitie mfukoni.

Tuliupata msafara wa maiti mbele ya Iguhu. Lori lenye jeneza lilikuwa likitambaa kwa mwendo wa miguu, isukuti mbele, watu wanacheza kwenye matope, barabara nzima imejaa. Wafula akapunguza mwendo, akanitazama.

"Nipite?"

Kupita maiti! Tena maiti ya ukweni! Afadhali nipite treni. Lakini tukibaki nyuma, jeneza lingeingia lango kabla yetu, na Mzee angekuwa wa kulia. Nikaona ule ujia wa kando unaoshuka kwenye kijito na kupanda nyuma ya boma. Nikaruka. Nikakimbia katikati ya mahindi na migomba, karatasi mdomoni. Kwenye kijito nikakanyaga jiwe.

Mnajua kilichotokea. Nimewaambia tangu mwanzo.

Nilitokea chemchemini nimepakwa tope hadi nyusi. Karatasi ilikuwa na meno yangu, lakini ilisomeka. Na pale nikasimama. Maji yalikuwa yametulia, yameng'aa, mazuri ya kunywewa na malaika. Wanawake walikuwa wamejipanga na mitungi, wananung'unika, ngoma zinasikika karibu. Na juu ya kifuniko cha zege, miguu imenyooshwa mbele ya bomba, amekaa mama mkwe wangu. Amepakata kuku.

"Mama, sogea, wageni wamefika," mmoja akamwambia.

"Mimi ningesogea," akasema. "Ni huyu ingokho amekataa."

Nikageuka, nikawapa wote mgongo. Nikauambia mgomba uliokuwa mbele yangu, "Mwambie ingokho maji ni mabaya. Wachemshe yote. Karatasi hii hapa, ya baba."

Nyuma yangu nikasikia kilemba kikisogea, na kuku akilalamika.

"Mmesikia ingokho?" mama akasema. "Mitungi yote jikoni. Kuni zote. Na mtu asilambe hata kidole."

Mtoto mmoja alikuja akaichukua karatasi mkononi mwangu. Mzee Ingosi aliisoma amesimama langoni, na lori likaingia akiwa ameikunja mfukoni mwa koti.

Watu walilalamika usiku ule kwamba chai ina moshi. Maji ya kunywa yalikuwa moto, ya moshi, na yalichelewa. Mzee mmoja wa fahali alisema hajawahi kuzikwa vibaya hivi, na hakuwa yeye anayezikwa. Jumapili kisahani cha Madam kikaota, na walioota walikuwa bakteria wa kinyesi, kutoka kwa ule ufa wa mlimani, ulio chini ya vyoo. Ukuta ukajengwa upya. Wafiwa hawakuugua. Beti alitoka hospitali akiwa amekonda kama uzi wa ndoana, na jambo la kwanza aliloomba ni obusuma, yaani ugali, na samaki, si uji.

Wiki iliyofuata senge akaja nyumbani kwetu mjini na kikapu. Ndani kuku, miguu imefungwa kwa uzi wa ndoana, ule wangu. Jenerosa akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama amesema," senge akasema, "kuku aliyesema amekuja mwenyewe. Umchinje ule, wewe ni mkwe."

Nilimshukuru sana. Nikaufungua ule uzi.

"Mwambie mama," nikasema, "shahidi hachinjwi."

Kuku yule alitaga kwangu mpaka akazeeka, na kila nilipochelewa kazini nilisimama mlangoni nikimtazama, nikageuka, nikampa mgongo, nikamwomba ruhusa ya kuingia.